Kwa Nini Geti Lilichelewa Kufunguliwa

Kila aliyewahi kutazama muvi za Bongo za kati ya mwaka 2005 na 2012 analijua gari lile. Linatokea mwisho wa barabara ya vumbi, Mbezi Beach au mahali panapojifanya Mbezi Beach, linakuja taratibu mpaka getini, linapiga honi. Kimya. Linapiga tena. Mlinzi anatoka kibandani akikaza mkanda, anachungulia, anafungua upande mmoja wa geti, anakwenda kufungua wa pili. Gari linaingia, linageuzwa, linaegeshwa. Mwenye gari anashuka, anafunga mlango, anapandisha miwani, anatembea mpaka barazani, na kamera inamsindikiza hatua kwa hatua kana kwamba kuna hakimu mahali fulani anayetaka ushahidi kuwa kweli mtu huyu alifika nyumbani kwake.

Kwenye semina zetu za uzamili geti hilo ni kichekesho cha kudumu. Anayetaka kuonyesha tofauti kati ya sinema na "zile muvi" analitaja, darasa linacheka, tunaendelea na Ousmane Sembène. Mimi pia hucheka. Kinachonichosha ni maelezo yanayofuata kicheko: kwamba waongozaji wetu hawakusoma, hawakujua kuhariri, hawakuwa na jicho. Wapo ambao kweli hawakuwa na jicho, sikatai. Lakini watu walioweza kutoa filamu moja baada ya nyingine kwa kamera za kuazima, na siku chache za kupiga picha, walijua vizuri sana walichokuwa wanafanya pale getini. Walikuwa wanatafuta dakika.

Muvi ilikuwa inauzwa kwa sehemu mbili. Diski ya kwanza inaishia mke ameshika simu ya mumewe, anasoma meseji, muziki unapanda, mwisho. Ukitaka kujua kilichotokea baada ya hapo, unatoa hela nyingine. Hadithi iliyotosha diski moja ilibidi ivutwe mpaka ijaze mbili, na hakuna njia nafuu ya kuvuta hadithi kushinda kuliacha gari lisubiri nje. Ukiongeza mhusika, unamlipa. Ukiongeza eneo la kupigia picha, unalikodi. Geti halidai posho.

Nimeanza na geti kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu "ushindani" wa filamu za Tanzania, neno linalopendwa sana kwenye hotuba, huanzia upande usiofaa. Tunaambiwa tuboreshe kazi kwanza, soko litafuata. Kwa jinsi ninavyozisoma filamu hizi, mambo yalikwenda kinyume: soko lilitangulia, na sura ya filamu ikafuata umbo la soko. Soko lenyewe lilikuwa na sifa moja iliyozidi nyingine zote. Kila kazi iliuzwa mara moja tu.

Haikuwa hivyo siku zote, kwa maana kwamba zamani hatukuwa na cha kuuza kabisa. Serikali ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, ikatunga Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza mwaka 1976, na filamu zilizotoka enzi hizo, *Fimbo ya Mnyonge* kwa mfano, zilikuwa na kazi ya kuelimisha na si ya kurudisha gharama. Watu waliotaka burudani walikwenda Avalon, Empire au Drive-in kutazama Wahindi na Wamarekani. Ndipo ikaja kanda ya video, halafu CD, majumba ya sinema yakageuka maghala na makanisa, na *Girlfriend* ya mwaka 2003, aliyoiongoza George Tyson, ikaonyesha kuwa Mtanzania yuko tayari kulipa amwone Mtanzania mwenzake kwenye skrini. Kariakoo ikaelewa haraka kuliko wizara.

Utaratibu wa Kariakoo ulikuwa huu. Mtayarishaji anapeleka kazi iliyokamilika, au anapeleka wazo tu pamoja na jina la nyota atakayekaa kwenye kava. Msambazaji anamlipa kwa mkupuo. Kwa malipo hayo anachukua haki zote: ya kudurufu, ya kuuza, ya kurusha kwenye runinga, ya kila kitu. Msambazaji ndiye kiwanda, ndiye duka la jumla, na kwa kuwa hakuna benki iliyokubali kukopesha kwa dhamana ya hadithi, ndiye benki pia. Usimchukie haraka. Kwa miaka kadhaa ni yeye peke yake aliyeweka hela halisi kwenye filamu za Kiswahili, na kijana wa Kinondoni aliyelipwa kwa mkupuo angalau alilipwa.

Lakini angalia mkupuo unavyofanya kazi kwa yule aliyeipokea. Filamu yake ikipendwa nchi nzima, hapati zaidi. Ikibuma, hapungukiwi. Hana sababu ya kuongeza wiki moja ya kuandika upya, kwa sababu wiki hiyo itamfaidisha mtu mwingine. Njia pekee ya kuongeza kipato ni kutengeneza nyingine, upesi, na nyingine tena. Ndiyo maana zilikuwa nyingi, ndiyo maana zilifanana. Majina yake yalikuwa ya Kiingereza, *Uncle JJ*, *Big Daddy*, *Young Billionaire*, juu ya mazungumzo ya Kiswahili, kwa sababu kava ndiyo iliyouza na kava ilitakiwa ifanane na za Lagos. Ubunifu wote ulihamia kwenye kava. Ndani kulikuwa na geti.

Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Umati uliofurika Leaders Club kumuaga haujawahi kushuhudiwa kwa mwigizaji nchini. Wengi huitaja siku ile kama mwanzo wa kuporomoka kwa Bongo Movie, na hutaja kwa masikitiko ya kweli, lakini kama maelezo ya kiuchumi yananisumbua. Bruce Lee alikufa mwaka 1973. Tangu hapo filamu zake zimeuzwa, zimerudiwa kuuzwa, zimevutiwa rangi upya, na vibanda umiza vya mtaani kwetu vilimwonyesha wakati baba zetu walishamaliza kumwonyesha. Kwingine nyota akifa, kazi zake za zamani hupanda thamani; ndiyo maana ya kufa kufaana. Kwetu nyota alipokufa tasnia ilitikisika, kwa sababu kilichokuwa na thamani ni sura yake kwenye kava ijayo. Kava zilizopita zilishauzwa.

Ulinganisho unaofaa zaidi uko karibu. Mwaka 2011 Kanumba alicheza *Devil Kingdom* pamoja na Ramsey Nouah wa Nigeria. Nollywood nayo ilianzia kwenye kanda za video sokoni, nayo ililiwa na wadurufu, nayo ilivuta hadithi moja ijaze sehemu mbili. Miaka minane baadaye, mwaka 2019, Nouah huyo huyo aliongoza *Living in Bondage: Breaking Free*, mwendelezo wa *Living in Bondage* ya mwaka 1992, filamu inayotajwa kama mwanzo wa Nollywood yenyewe. Ili kuitengeneza, ilibidi haki za filamu ya zamani zinunuliwe. Fikiria jambo hilo kidogo. Kanda ya video ya mwaka 1992 bado ilikuwa na mwenyewe anayejulikana, na robo karne baadaye kulikuwa na mlango wa kugonga na bei ya kujadili. Kisha mwendelezo ukaenda kwenye majumba ya sinema, ukatoka hapo ukaenda Netflix. Hesabu mauzo: kanda, haki, tiketi, intaneti. Filamu ile ya kwanza haikuwa nzuri kuliko zetu kwa kiasi hicho. Iliwekewa daftari.

Mimi ninaandika tasnifu kuhusu filamu hizi, kwa hiyo najua ugumu wa kuzipata. Mwaka jana nilizunguka Tabata, Buguruni na Manzese kutafuta maktaba za kukodisha CD ambazo nilizikumbuka tangu nikiwa shule ya msingi. Zilizobaki sasa ni mawakala wa pesa za simu. Mzee mmoja alinipeleka stoo nyuma ya duka, akanionyesha magunia mawili ya diski alizoshindwa kuuza na kuona aibu kuzitupa. Nyingi zimekwaruzika. Nilizinunua zote kwa bei ambayo sitaitaja, kwa sababu msimamizi wangu husoma jarida hili. Nyingine ninazitazama YouTube, kwenye akaunti zisizoeleweka ni za nani, zenye watazamaji wengi na matangazo ya biashara kila baada ya dakika chache. Kwa hiyo mauzo ya pili yapo. Yanaendelea sasa hivi, usiku huu, kwa Waswahili wa Muscat na wa Minneapolis wanaotaka kusikia Kiswahili cha Dar wakipika. Wanaolipwa ni wengine.

Wakati sisi tunauza mara moja, tulikuwa tunashindana na watu waliokwisha kuuza mara kumi. Hapa ndipo hotuba za ushindani huteleza. Tamthilia ya Kituruki inapofika Dar es Salaam imesharudisha gharama zake Istanbul. Mavazi yale ya sultani, farasi, kasri, vyote vimeshalipiwa na matangazo ya huko. Anayeileta analipia haki ya kuionyesha na sauti za Kiswahili, basi. Kila shilingi inayopatikana hapa ni faida juu ya faida. Filamu yetu inapaswa kurudisha gharama zake zote papo hapo, kwa mtazamaji yule yule, jioni ile ile. Hata tungekuwa na mwongozaji hodari kuliko wa Istanbul, hesabu hiyo isingebadilika.

Wachina walielewa kitu kingine ambacho sisi tulikichukulia kama hewa. Mwaka 2011 TBC ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina kuhusu binti aitwaye Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba. Rais wa China, ziara rasmi, anazungumzia wakwe. Nimeirudia hotuba hiyo mara kadhaa na sioni kama ulikuwa mzaha. Bidhaa iliyouzwa pale ilikuwa mama mkwe anayegomba kwa Kiswahili, na mama mkwe anayegomba kwa Kiswahili ilikuwa mali yetu tangu enzi za michezo ya redio.

Kabla ya Wachina, vibandani, Lufufu alishaonyesha njia. Alichukua filamu za Kimarekani, za Kihindi, za Kinigeria, akazisimulia kwa Kiswahili juu ya picha: akatafsiri, akaongeza, akatania, akawapa wahusika wa Hong Kong tabia za watu wa mtaani. Kenya wakampata DJ Afro. Watazamaji walilipa kumsikia msimulizi. Picha ilikuwa kisingizio. Huu ulikuwa utafiti wa soko wa bure kabisa, uliofanywa kila jioni mbele ya macho yetu, na ulisema kwamba Mswahili hununua lugha kwanza. Tasnia yetu ilisoma majibu yake kama wizi. Kampala walisoma tofauti. Isaac Nabwana alipotengeneza *Who Killed Captain Alex?* huko Wakaliga mwaka 2010, msimulizi, VJ Emmie, aliwekwa ndani ya filamu yenyewe, anapiga kelele, anawasifu wapiganaji, anaitangaza studio. Filamu ya bajeti ya vichekesho imezunguka dunia nzima. Sisemi tuige, nisingependa msimulizi anikatize kwenye kila tanzia. Nasema walimkaribisha mshindani mezani wakamlipa, sisi tulimwita polisi.

Na polisi ndiyo njia tuliyoipenda. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, ili diski halali ijulikane. Mwezi Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga diski za filamu za nje, zile ambazo moja hubeba filamu nane au kumi kwa bei ya filamu moja yetu. Niliwaelewa. Mtu aliyekwisha kuuza haki zake zote kwa mkupuo, kitu pekee kilichobaki mikononi mwake ni sauti ya kulalamikia barabarani. Ila stempu ilimlinda mwenye haki, na mwenye haki hakuwa mwigizaji wala mwandishi. Walikuwa wanaandamana kulinda ghala la mtu mwingine. Hakuna bango hata moja nililoliona kwenye picha za siku ile lililozungumzia mkataba.

Wapo wanaoniambia kwamba njia ni nyingine: acha soko la diski, tengeneza sinema ya hadhi. Hao hunitajia *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021 na kupelekwa Oscar kuiwakilisha Tanzania, ya pili tu baada ya *Maangamizi* mwaka 2001. Naipenda filamu ile. Napenda usiku wake, rangi ya kuta za Mji Mkongwe, namna Yasmin anavyotazamwa bila kuharakishwa. Ni filamu ya polepole, na nilipoitazama mara ya pili nilijikuta nawaza jambo lisilo na heshima: upole huu nao umelipiwa na soko lake. Watayarishaji washirika wa nje na matamasha hununua utulivu, kama Kariakoo ilivyonunua urefu. Polepole ya Kariakoo tunaiita uzembe, polepole ya Toronto tunaiita mtindo. Yote mawili ni umbo la anayelipa, ingawa moja linapendeza zaidi machoni.

Chenye uzito kiuchumi katika *Vuta N'kuvute*, kwa maoni yangu, hakiko Toronto. Kiko kwenye riwaya. Adam Shafi aliichapisha mwaka 1999, na wengi wa kizazi chetu tuliisoma kidato cha tano na sita, kwa lazima, tukichambua ujumbe na dhamira kwenye madaftari ya kaunta. Hadithi hiyo ilikuwa imeuzwa darasa baada ya darasa, kwa miaka mingi kabla kamera haijawashwa. Jina la mwandishi lilibaki juu yake muda wote. Filamu ikakuta hadhira iliyokwisha kuandaliwa, inayoijua Denge ni nani. Fasihi yetu, ile tunayoililia kwamba haisomwi, ina kitu ambacho filamu zetu hazikuwahi kuwa nacho: orodha ya kazi za zamani zenye wenyewe.

Tasnia yenyewe, bila kusubiri makala kama hii, ilihama. Azam TV ilianza mwishoni mwa mwaka 2013, Maisha Magic Bongo ikashindana nayo, na diski ikafa kimyakimya. Waigizaji na waandishi waliobaki wakaingia kwenye tamthilia. *Huba* imekwenda miaka na miaka. *Jua Kali* ya Lamata Mwendamseke imefanya watu wazima wenye kazi zao kupanga ratiba ya chakula cha jioni kuizunguka. Ukizitazama kwa jicho la umbo, utaona geti limetoweka. Tukio linaanzia sebuleni, watu wameshakaa, ugomvi umeshaanza. Hakuna tena haja ya kuvuta hadithi moja ijaze diski mbili. Kinachovutwa sasa ni ugomvi, ambao ungeweza kuisha leo lakini utaahirishwa mpaka Ijumaa, na Ijumaa utakatizwa na simu. Mazungumzo ni bora kuliko ya Bongo Movie kwa mbali sana. Wanawake wanazungumza kama wanawake ninaowajua, kwa mafumbo, kwa kukatishana, kwa kunyamaza. Kiswahili kimerudi kuwa bidhaa, na watu wanalipia king'amuzi ili wakisikie. Ikiwa kuna mahali ambapo Mtanzania anamshinda Mturuki kwa haki, ni hapo, saa mbili usiku.

Anayegharamia, hata hivyo, ndiye kwa kawaida anayemiliki. Nilikuwa nimefika hapo kwenye tasnifu yangu, sura ya nne, pale mwanafunzi mwenzangu mmoja aliponitumia picha ya mkataba. Ameandika tamthilia ya vipindi 13 kuhusu familia ya wauza samaki wa Feri. Nimeisoma, ni nzuri kiasi cha kunitia wivu. Kituo kimoja kimeipenda. "Mwanangu, hebu soma kipengele cha nane," aliandika. Kipengele cha nane kinasema mwandishi anakabidhi haki zote, katika nchi zote, katika njia zote za kuonyeshea zilizopo na zitakazovumbuliwa, bila kikomo cha muda. Malipo, kwa mkupuo, yanalingana na kodi yake ya nyumba ya miezi minane.

Tulikaa kantini mpaka wakafunga. Nilimwandikia mambo matatu ya kuomba: haki zirudi kwake baada ya miaka saba, apate asilimia yoyote, hata ndogo, kikiuzwa nje ya nchi, kwa kuwa Kiswahili cha Feri kinaeleweka Mombasa, Bujumbura na Goma bila tafsiri, na riwaya, akija kuiandika, ibaki yake. Alituma barua pepe Jumatatu. Jumatano wakamjibu kwa adabu kwamba mkataba wao ni mmoja kwa waandishi wote. Kodi ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Alisaini Alhamisi mchana, akaninunulia soda, na tulipokuwa tunatembea kuelekea kituo cha daladala alinisimulia wazo la tamthilia nyingine, ambayo anadhani anaweza kuimaliza kwa wiki sita.